Barua ya wazi kwa wasimamizi wa seva za uigizaji: "malizaneni wenyewe" si jibu

Ndugu wasimamizi,

Nawaandikia ninyi mnaoshika funguo za seva na makundi ya mtandaoni tunamokutana kuandika hadithi kwa pamoja: mnaopokea maombi ya kujiunga, mnaopitisha wahusika, mnaoweza kumnyamazisha mtu au kumtoa kabisa kwa kubonyeza mara mbili. Wengine wenu nawafahamu kwa majina ya wahusika wenu tu, na tumeandika pamoja usiku hadi kunakucha. Sitataja seva wala jina la mtu, kwa sababu ninachokilalamikia nimekikuta zaidi ya mahali pamoja. Ila mmoja wenu akijiona humu, ajue sijakosea.

Jioni moja aliingia mgeni. Mhusika wake alikuwa mkunga mzee aliyetembea kwa miguu kutoka kijiji kilichokauka visima, akafika kwenye lango la mji wetu. Aliandika aya 3, na zilikuwa nzuri. Nakumbuka alieleza jinsi mkunga alivyohamisha kifurushi chake kutoka bega hili hadi lile kabla ya kubisha, kwa sababu hakutaka mlinzi amwone amechoka. Mtu anayeandika hivyo hakuja kupita. Alikuja kukaa.

Mimi ndiye niliyekuwa namwigiza mlinzi wa lango. Kabla sijamaliza kuandika jibu langu, mkongwe mmoja, ambaye mhusika wake ni nahodha wa askari, akaingilia. Akaandika kwamba nahodha amemkamata mkunga nywele, mkunga amepiga magoti, mkunga analia na kuomba msamaha. Hakuuliza. Hakurusha kete ili bahati iamue. Hakumwachia hata mstari mmoja wa kujibu. Kila mchezaji anajua kwamba unaandika matendo ya mhusika wako, na ya mwenzako unamwachia mwenyewe. Huyu alimnyang'anya mgeni kalamu.

Mgeni akafungua mabano mawili, kama tunavyofanya tunapozungumza nje ya uhusika: ((Samahani, naomba mhusika wangu asifanyiwe hivyo bila mimi kukubali. Ndiyo kwanza nafika.)) Jibu lilikuja bila mabano: mkunga anazidi kulia. Chini yake zikabandikwa nyuso 4 za kucheka. Akaandika tena, safari hii neno moja tu: ((Tafadhali.)) Nahodha akaandika kwamba mkunga amejikojolea.

Jibu langu lilikuwa nusu kwenye kisanduku cha kuandikia. Nikalifuta. Nilijiambia msimamizi yupo, ataona. Na kweli alikuwepo, alama ya kijani iliwaka kando ya jina lake muda wote. Mgeni alipompelekea malalamiko faraghani, alijibiwa hivi, nami nimeona kwa macho yangu kwa sababu alinitumia skrinishoti: "Ni mchezo tu, mhusika wake ndivyo alivyo. Malizaneni wenyewe." Siku ya tatu jina la mgeni halikuwemo tena kwenye orodha ya wanachama. Hakuaga mtu.

Mwisho wa mwezi ule mlitutangazia kwamba seva imetulia na hakuna lalamiko lililobaki mezani. Hilo tangazo ndilo lililonifanya niandike barua hii. Lalamiko halikubaki kwa sababu mlalamikaji hakubaki.

Hili la "ni mchezo tu, malizaneni" lina umri mkubwa kuliko wengi wetu tunaocheza leo. MUD, mmoja wa michezo ya mwanzo kabisa ya kuigiza kwa maandishi kupitia kompyuta, uliandikwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na wanafunzi wawili, Roy Trubshaw na Richard Bartle. Mwaka 1990 Pavel Curtis, mtafiti katika maabara ya Xerox PARC huko California, akaanzisha LambdaMOO, jumba kubwa la maandishi matupu ambamo kila mtu angeweza kuingia, kuongea na hata kujenga vyumba vyake. Wasimamizi wake waliitwa wachawi. Desemba 1992 Curtis alitangaza kwamba wachawi wamechoka kuamua kesi za watu, na kuanzia hapo watashughulikia mambo ya kiufundi tu. Yaani malizaneni wenyewe.

Mwaka 1993, mchezaji aliyejiita Mr. Bungle aliingia sebuleni mwa jumba lile na programu ndogo iliyomwezesha kuandika matendo kana kwamba yametendwa na wahusika wa watu wengine. Akawaandikia udhalilishaji wa kingono mbele ya wote waliokuwepo. Yalikuwa maneno kwenye skrini, hakuna aliyeguswa hata kidole. Lakini mmoja wa wenye wahusika wale, mwanamke aliyeketi mbele ya kompyuta yake maelfu ya maili kutoka kwa wenzake, alipokaa kuandika hasira yake juu ya mtu yule, machozi yalikuwa yanamtiririka. Watu wakakusanyika ndani ya mchezo kujadili la kufanya, wakabishana kwa saa nyingi, wakaachana bila uamuzi. Baadaye mchawi mmoja, kwa kufikiri peke yake, akamfuta Mr. Bungle. Curtis aliporudi kutoka safarini akalazimika kuweka utaratibu wa maombi na kura, ili maamuzi yasibaki mikononi mwa mtu mmoja aliyekasirika usiku mmoja. Na mwaka 1996 wachawi wakatangaza kwamba wanarudi kwenye maamuzi ya kijamii, wakikiri kwamba ule mpaka wa "sisi ni wa ufundi tu" haukuwahi kushikika.

Nimeisimulia kwa kirefu kwa sababu kila nikisoma kisa kile namwona mkunga wetu. Programu ya Mr. Bungle ilifanya kilekile alichofanya nahodha, tena nahodha hakuhitaji programu. Alihitaji wenye funguo wakae kimya. Msimamizi asipoamua, anayebaki na uamuzi ni yule mwenye ujasiri wa kuumiza.

Najua mtasema hadithi isiyo na mwovu hainogi. Nakubali, na ningesikitika sana kama barua hii ingewafanya mpige marufuku wahusika wabaya. Mwovu aliyeandikwa vizuri ni hazina. Kwa miaka 2 nimeandika na mtu ambaye mhusika wake ni mtoza ushuru katili kuliko wote niliowahi kukutana nao, na mhusika wangu ameteswa naye kila namna. Lakini kabla ya tukio gumu, mwenye mhusika huyo hunitumia ujumbe. Wa kwanza nimeuhifadhi hadi leo: "Kesho mtoza ushuru atakuja kuchukua ng'ombe wako wote. Unataka upinge, ukimbie au utoe? Na kuna jambo lolote hutaki liguswe?" Nikamwambia asiguse habari za mtoto kufa. Sikumweleza sababu, naye hakuuliza. Kesho yake mtoza ushuru alichukua ng'ombe, akachoma ghala, akamtukana baba wa mhusika wangu kaburini, na mimi nilikuwa nimeketi naandika huku nacheka kwa raha. Sijawahi kwenda kulala na kinyongo juu ya mtu yule.

Kwa hiyo msiangalie mhusika ni mwema au mbaya. Angalieni kinachotokea ndani ya mabano. Mwenzake anaposema "hapana" nje ya uhusika, mchezaji anafanya nini? Mtoza ushuru angesimama hapohapo. Nahodha aliongeza. Hapo hamhitaji kamati wala kura ili mjue yupi ni yupi.

Wachezaji wa mezani, wanaoigiza hadithi wakiwa wameketi pamoja, walishalitafutia dawa jambo hili, nasi tunaweza kuazima. Ipo kadi ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos: kadi yenye herufi hiyo huwekwa katikati ya meza, na yeyote akiigusa, kilichokuwa kinasimuliwa kinabadilishwa, wala haulizwi kwa nini. Ipo pia mistari na pazia, wazo la Ron Edwards: mstari ni jambo ambalo halitaingia kabisa katika hadithi yetu, pazia ni jambo linaloweza kutokea ila nyuma ya pazia, bila kusimuliwa. Kwetu sisi tunaoandika ni rahisi hata zaidi, maana hakuna anayetukimbiza. Herufi moja ndani ya mabano ingetosha. Lakini herufi hiyo itakuwa na nguvu ikiwa mtu akiipuuza mnasimamisha tukio palepale, mnyonge na mkongwe sawasawa. Kanuni iliyobandikwa kwenye chaneli ya makaribisho na isiyosimamiwa ni mtego, kwa sababu inamfanya mgeni aamini yuko salama.

Na hapa kwenye mkongwe ndipo pagumu, najua. Nahodha ameandika katika seva yetu kwa miaka. Nusu ya historia ya mji ni kazi yake. Ramani alichora yeye. Akiondoka, hadithi 5 zitakwama. Nimesikia mkisema hivyo, na nafahamu hofu hiyo ni ya kweli. Lakini hesabu mnayoifanya ina upande mmoja. Mnahesabu alichoandika yeye. Hamhesabu kilichokuwa kiandikwe na wale waliopita langoni wakageuza. Mwaka 1996 Richard Bartle, yuleyule wa MUD, aliandika kuhusu aina za wachezaji na jinsi wanavyosukumana. Alieleza kwamba wale wanaofurahia kuwasumbua wenzao wakizidi, wanaokuja kwa ajili ya watu na mazungumzo hupungua. Na wakipungua, wanaobaki wanakuwa na sababu chache zaidi za kukaa. Seva ya uigizaji isiyo na wapenda watu itabaki na ramani nzuri sana na mitaa mitupu.

Sasa kuhusu namna mnavyopokea malalamiko, na hapa nawaomba mnivumilie, kwa maana ndipo watu wengi wanapovunjika moyo.

Msimrudishe aliyeonewa kwa aliyemwonea. Mnapomwambia "mtafute faraghani myamalize", mnamtoa mtu kwenye chaneli yenye mashahidi mnampeleka kwenye chumba kisicho na shahidi, akiwa na mtu aliyekwisha kumwonyesha kwamba "tafadhali" haimzuii. Wala msimwambie "mbloku tu". Kumbloku mtu kunafaa kwenye gumzo la kawaida, ila katika hadithi ya pamoja maana yake ni kwamba humuoni tena anachoandika, huku yeye anaendelea kuandika, na wenzako wote wanasoma. Mhusika wako anaweza kuwa anaburutwa barabarani na wewe huna habari.

Lalamiko lisikilizwe na wasimamizi wasiopungua 2, na mmoja wao awe mtu asiyeandika hadithi moja na mshtakiwa. Haya ni maombi madogo. Msimamizi aliyemjibu mkunga alikuwa katikati ya tukio refu na nahodha, tukio walilokuwa wamelifanyia kazi wiki kadhaa. Siamini alikuwa na nia mbaya. Alikuwa rafiki, na rafiki hawi hakimu wa rafiki yake. Kisha mlalamikaji apewe jibu. Hata kama mmeamua hakuna kosa, mwambieni, na mmweleze kwa nini. Ukimya huchukuliwa kuwa hukumu, na mara nyingi ndivyo ulivyo.

Wekeni daftari. Neno hili "daftari" nalimaanisha hasa: tarehe, nani alilalamika, nani alilalamikiwa, mliamua nini. Nilipoanza kuulizauliza baada ya tukio la lango, niliwapata wengine 2 waliowahi kulalamika juu ya nahodha huyohuyo, kila mmoja kwa msimamizi tofauti, na kila msimamizi alidhani ni mara ya kwanza. Waambieni watu pia wahifadhi ushahidi mapema. Kwenye Discord, programu ya gumzo yenye seva kama zetu, kwa mfano, mtu akifuta ujumbe wake mwenyewe, kumbukumbu ya usimamizi haiuhifadhi. Asubuhi mtaingia mkute chaneli ni safi, mlalamikaji aonekane mzushi.

Adhabu nazo zina ngazi, na zana mnazo. Discord hiyohiyo inawapa uwezo wa kumnyamazisha mtu kwa sekunde 60, saa 1, siku 1, hadi wiki 1, bila kumfukuza. Mara nyingi mtu huwa amechoka, amekasirishwa na mambo mengine ya maisha, na akinyamazishwa saa moja hurudi akiomba radhi. Niliwahi kuona mtu akirudi hivyo, akamwandikia mwenzake barua nzuri, na leo wanaendesha hadithi pamoja. Ila yapo mambo yasiyo na ngazi. Anayemfuatafuata mwenzake kingono, anayetishia, anayeanika jina halisi au mahali anapoishi mtu, mtu mzima anayemvuta mtoto kwenye hadithi za chumbani: huyo atoke siku hiyohiyo. Hapo msiniombe kuwa na subira, na msimwombe mwingine.

Kuna jambo moja ambalo hamlifanyi kabisa na lingeponya mengi: kulifuta tukio. Mnapoamua kwamba mtu ameonewa, tukio lile libatilishwe ndani ya hadithi, litangazwe kwamba halikutokea. Mkunga hakupiga magoti. Hakulia. Hadi leo, kwenye kumbukumbu za mji wetu, tukio hilo limesimama kama lilivyoandikwa, na wapo wahusika wengine wanaolitaja kwa mzaha wanapopita langoni. Mwenye mkunga akirudi leo, ndiyo sifa atakayoikuta inamsubiri.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimewahi kuponywa hivyo. Miaka mingi iliyopita, kwenye seva nyingine, niliingia na mhusika dhaifu sana, mvuvi asiye na hadithi yoyote ya maana. Sikujua kuandika mabano, nilichanganya nafsi ya kwanza na ya tatu. Katika muda usiofika saa moja, mwanamke mmoja aliyemwigiza muuza kamba aliandika kwamba ameangusha furushi lake karibu na mashua yangu, na akaishia hapo. Hakuliokota. Alisubiri. Ilinichukua dakika 20 kuelewa kwamba amenipa kitu cha kufanya. Nikaandika kwamba mvuvi ameinama kuliokota, na hapo ndipo nilipoanza kuandika kwa kweli. Nilikuja kujua baadaye kwamba kule wanachama wenye uzoefu walipokezana zamu ya kuwapokea wageni, kila mmoja jioni yake, na mgeni hakuachwa kwenye tukio la kwanza bila mwenyeji wake. Kanuni zao zilikuwa fupi kuliko zetu. Waliwapa watu zamu, na zamu zilishikwa.

Mtu akiniuliza leo atajuaje kama seva ni ya ukarimu, simwambii asome kanuni. Namwambia akae siku 3 bila kuandika, asome majibu wanayopata wageni waliotangulia, na aangalie mtu anaposema "hapana" kinafuata nini. Nasikitika kwamba kwa kipimo hicho nisingemshauri mtu aje kwetu.

Nafahamu mnafanya kazi hii bila malipo. Mnaamshwa usiku na ugomvi wa watu msiowajua, mnatukanwa na aliyeadhibiwa na asiyeadhibiwa, na mkishamaliza hakuna nguvu iliyobaki ya kuandika hadithi zenu wenyewe, ambazo ndizo zilizowaleta. Wengi wenu mmechoka, na uchovu ndio unaowafanya mfunike kombe. Basi semeni. Gawaneni zamu, ongezeni watu, mpumzike mwezi mzima bila kuona haya. Tupo tutakaowasaidia. Mimi mwenyewe najitolea kupokea wageni jioni 2 kila wiki, na kuandika daftari kama hakuna anayeitaka kazi hiyo.

Ninachoomba mfanye kwanza, kabla ya kanuni mpya yoyote, ni hiki. Rudini kwenye tukio la lango la magharibi. Lisomeni lote, pamoja na mabano. Libatilisheni. Zungumzeni na nahodha, wasimamizi wawili, mmoja asiye rafiki yake. Kisha mwandikieni mwenye mkunga, kwa jina la seva, mumwombe radhi bila kumtaka arudi. Anwani yake bado ninayo, na ameniruhusu niwape mkiihitaji.

Skrinishoti zote ninazo, na zile nyuso 4 za kucheka zinaonekana ni za nani. Uso wangu haumo, lakini wala neno langu halimo, na hilo nimeshamwomba radhi mwenyewe.

Wenu,
Mlinzi wa lango la magharibi